Ini la Mnywa Soda

Pombe sijawahi kunywa. Naliweka hili mbele kabisa kwa sababu waliopaswa kulisikia hawakutaka kulisikia, na kwa sababu nikichelewa kulisema hata wewe unayesoma utakuwa umeshanihukumu. Ukimwambia mtu kwamba ini linakusumbua, hakuulizi linakusumbua vipi. Anakutazama macho, anakutazama tumbo, kisha anatabasamu na kusema, "Punguza, kaka." Nipunguze nini? Soda?

Niliacha kabla ya kuanza. Kaka yangu, aliyenitangulia kuzaliwa, alifia nyumbani kwetu Matombo, tumbo limejaa maji na macho yamegeuka rangi ya manjano tunayochimba shambani. Alikuwa mnywaji, sikatai. Alikunywa komoni, akanywa gongo, na vilabu vilipomchoka akanywea nyumbani. Mama alimwaga mitungi yake uwanjani mbele za watu, akipiga kelele mpaka padre aliyekuwa anapita njiani akasimama kuuliza kuna nini. Siku tulipomzika, kila aliyeshika koleo alisema neno lile lile, kwamba pombe imemmaliza. Mimi ndevu ndiyo kwanza zilikuwa zinaota. Niliapa pale pale kaburini, na kiapo kile nimekitunza kuliko watu wengi wanavyotunza ndoa zao.

Miaka ikapita. Kiwanda nilichokuwa nafanyia kazi mjini Morogoro kiliuzwa, tukapunguzwa wengi kwa mkupuo, nikaenda Kihonda kufungua karakana ya kuchomelea mageti na madirisha. Sijui wenye fedha za kujenga walitoka wapi wakati wenzao walikuwa wanafukuzwa kazi, lakini walitokea, na kila mmoja alitaka geti. Soko huria lilituletea pia bia za kila rangi. Mbele ya karakana yangu wakasimamisha bango kubwa la mwanamume anayecheka na chupa mkononi. Nguzo za bango lile nilizichomelea mimi. Wenzangu wa pale walinibatiza Mzee wa Soda, na kwenye kila sherehe walikuwa na maneno yao juu yangu, nami nikacheka nao, maana nilijua kwa nini sinywi.

Mke wangu alijifungua kwa upasuaji, ikahitajika damu, nikaenda kutoa. Damu yangu ilikataliwa. Muuguzi aliniita pembeni, na miaka ile ukiitwa pembeni hospitalini, ndugu zako waliokaa kwenye benchi wanaanza kukulilia kabla hujarudi. Haikuwa ukimwi. Ilikuwa homa ya ini, ile ya virusi, aina ya B. Nikapelekwa kwa daktari mmoja mwanamke mwenye zahanati yake mjini, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Unakunywa?"

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kama kuna mtu mwingine atakayeniuliza swali hilo basi nitaanza kunywa ili wapumzike. Alinisubiri nimalize, wala hakukasirika. Kisha akanieleza, mimi na mke wangu tukiwa tumekaa mbele yake, kwamba wengi wenye ugonjwa huu huku kwetu huupata wakiwa wachanga kabisa, mara nyingi kwa mama, siku ya kuzaliwa. Mama mwenyewe huwa hana habari. Ugonjwa unakaa kimya mwilini miaka na miaka.

"Una ndugu aliyewahi kuugua hivi?" aliuliza.

Nikamsimulia habari za kaka. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Pombe ilimharakisha," alisema. "Ila sidhani kama pombe ndiyo iliyoanza."

Kwetu Waluguru mtu ni wa kwa mama yake. Ukoo ni wa mama, shamba ni la mama, na mwenye kauli juu yako ni mjomba, ndugu wa mama. Baba anakupa jina tu. Nilitoka kwenye zahanati ile nikiwaza kwamba kumbe na hili tulilipokea kule kule tulikopokea shamba la migomba, mimi na marehemu kaka, sote wawili. Mke wangu alipimwa akakutwa salama, mtoto akachanjwa.

Nikaanza vidonge vya kupambana na virusi, kimoja kila siku, kwa muda ambao daktari hakuweza kunitajia mwisho wake. Na hapa ndipo hasira yangu ilipopata chakula. Kabla ya vidonge nilikuwa mzima! Nilikuwa nabeba nondo begani, nalala chali, nakula chochote. Wiki chache baada ya kuanza dawa, upande wa kulia chini ya mbavu kukaingia kitu. Hakikuwa kichomi. Kilikuwa uzito, kama vile mtu amenipenyeza nusu tofali pale halafu akasahau kulitoa. Nikiinama kuchomelea, tofali linasogea. Nikilalia ubavu wa kulia, linanisukuma. Harufu ya mafuta ya kukaangia, ambayo zamani ilikuwa inanivuta mpaka jikoni, ikawa inanitoa nje. Kazi ya saa moja ikawa ya asubuhi nzima, na wateja wakaanza kuhamia kwa jirani.

Nilirudi kwa daktari nikiwa nimefura. Nikamwambia umenitia ugonjwa ambao sikuwa nao. Aliniambia ini lenyewe halina maumivu, ila utando unaolizunguka ukivutika ndipo mtu anahisi uzito, na kwamba wakati mwingine mwanzoni mwa dawa mwili unapambana na virusi mule mule ndani ya ini, likavimba kidogo. Akachukua damu, akasema vipimo vimepanda lakini si vya kutisha, tutapima tena. Halafu akaninyooshea kidole kama mtoto.

"Usiziache bila kuniambia. Ukiziacha ghafla virusi vinarudi kwa nguvu, na safari hiyo vinaweza kukuua."

Kwa hiyo nilikuwa nameza kila asubuhi kitu nilichokichukia, na nilikuwa nakimeza kwa hofu. Duka la dawa nililokuwa nanunulia, muuzaji alinisukumia chupa ya maji ya kijani yenye picha ya ini linalotabasamu, akasema ni ya kusafisha. Nikamuuliza kusafisha nini, akasema, "Si mambo ya starehe, mzee." Jirani mmoja alichungulia boksi la vidonge vyangu, akaona vimeandikwa ni vya virusi, na kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa umeshanizika kwa ugonjwa mwingine. Waliobaki wenye huruma walisema ni pombe. Mzee wa Soda kumbe alikuwa anajifungia ndani! Nilitaka kuwachomelea midomo wote.

Mama aliteremka kutoka Matombo na mkungu wa ndizi kuja kumwona mjukuu. Hakuulizia chochote. Alinitazama nikiamka kwenye kiti huku nimeshika mbavu, kama kaka alivyokuwa anashika. Kesho yake asubuhi alifunga kitenge chake akarudi milimani, na haikupita wiki nikaletewa salamu za mjomba kwamba ukoo unakaa, na mimi ndiye shauri lenyewe. Nilijua wanachotaka. Walitaka niache vidonge, nipelekwe kwa mganga upande wa pili wa mlima.

Tulipanda na pikapu ya mfanyabiashara wa ndizi, mimi na mke wangu mbele kwa dereva. Ile barabara mnaijua. Kila shimo lilikuwa linapiga ini langu, na kila pigo liliniongezea maneno ya kuwaambia. Nilikuwa nimechoka kusingiziwa. Ukweli nilikuwa nao, tena wa kitaalamu.

"Leo nasema yote," nilimwambia mke wangu.

"Sema," alijibu. "Ila ujue utakuwa unamwambia nani."

Mjomba alikuwa kwenye kiti chenye mikono, kibuyu cha komoni pembeni. Mjomba wangu alikuwa anakunywa tangu enzi za mkoloni, na ini lake sijui lilifuliwa kwa chuma gani. Wazee wengine walikaa kwenye viti vya kuazima parokiani, wanawake mikekani. Mama alikaa mwisho wa mkeka, ungo wa maharage mapajani, anachambua. Nikawaamkia wote shikamoo, wakaitikia, na mjomba akaanza.

"Mpwa wangu, ini haliharibiki bure. Kaka yako alianza hivi hivi."

"Mjomba, mimi sinywi."

Wazee wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, na hilo lilinikata maini zaidi.

"Hata marehemu alisema hanywi," mjomba alisema. "Aliniambia hapa hapa ulipokaa, na kibuyu amekificha mgongoni."

Shangazi mmoja wa upande wa baba akasema kama si pombe basi ametupiwa uchawi, na aliyetupa hakai mbali, mganga amtaje. Mwingine akasema vile vidonge ndivyo vinavyomla, mbona kabla hakuwa hivi. Wakawa wanazungumza juu ya ini langu kama linauzwa mnadani. Damu ilikuwa inanichemka. Nilisimama. Nilikuwa na sentensi yangu tayari, nimeipanga tangu Kihonda.

Mama akaweka ungo chini.

"Baba," aliniita, ndivyo anavyoniita tangu nikiwa mdogo. "Waache hao. Niambie mimi. Ndugu yako nakijua kilichomuua, nilikimwaga kwa mikono yangu hii na bado kikanishinda. Wewe umeutoa wapi?"

Mke wangu aliinamisha kichwa. Mama alikuwa amenitazama, viganja vimemfunguka mapajani, vina vumbi la maharage. Miaka yote ile alikuwa akijua adui yake ni nani, na alikuwa ameshapigana naye. Sentensi yangu ilikuwa mdomoni, fupi tu, ya kweli kabisa, na ingenisafisha mbele ya ukoo mzima siku ile ile. Nikaona kwamba nikishaitoa, hatamzika mwanawe mmoja tena. Atatuzika wawili, na mwuaji atakuwa yeye.

"Pombe, mama," nikasema. "Nakunywa. Nilikuwa najificha."

Mjomba alipiga goti lake kwa furaha. "Si niliwaambia!" Mama alilia, lakini hakulia kwa muda mrefu. Alijifuta macho kwa ncha ya kitenge, akavuta pumzi, na nikaona mabega yake yameshuka. Akasema, "Kama ni hiyo, naijua."

Nilitumia nafasi ile ile. Nikawaambia daktari amesema vidonge vinafanya kazi kwa mtu aliyeacha pombe, kwa hiyo naacha, na vidonge naendelea navyo. Wakakubaliana. Mganga akasahauliwa, na hakuna jirani aliyetajwa. Mjomba akasimama na kibuyu chake mkononi, akaniapisha mbele ya ukoo kwamba sitagusa pombe mpaka naingia kaburini. Komoni ilimmwagikia vidoleni wakati ananiapisha, akavilamba. Niliapa. Sijawahi kumkasirikia mtu kama nilivyomkasirikia mzee yule.

Tofali liliondoka polepole, kama daktari alivyosema. Siku moja nilinyanyua geti na sikulikumbuka. Vipimo vikashuka, dawa naendelea nayo. Dada zangu niliwaeleza ukweli wote, wakapima, wakanyamaza pamoja nami. Mama nilimpeleka mjini kupima presha, daktari akaangalia na lile jingine. Ini lake limetulia, anatakiwa kuangaliwa tu kila baada ya muda, naye anakwenda, anajua ni presha.

Kule milimani mimi sasa ni mlevi aliyeokoka. Kwenye harusi wanausogeza mtungi mbali nami, kwa heshima. Mjomba kabla hajafa alikuwa akinitolea mfano kwa vijana. Kila nikikumbuka hasira hunipanda, wala sitasema kwamba imekwisha, kwa sababu haijaisha. Nimetunza mdomo wangu tangu kaka anakufa, na sifa nimepewa ya mtu aliyeuchafua akaja kuusafisha.

Mama amezeeka. Nikifika Matombo na kumwambia shikamoo, haitikii kwanza. Ananivuta shingo, anakaribisha pua yake mdomoni kwangu na kunusa, mbele ya wanangu, mbele ya yeyote aliyepo. Ndipo anasema marahaba. Halafu anawageukia wanawake waliotoka naye kanisani, na kila mara anawaambia maneno yale yale, "Mmoja alinishinda. Huyu nilimwahi."

Nami naachama mdomo vizuri, ili anuse.