Mwimbaji Aliyetetemeka kwa Baridi

Juzi kijana mmoja fundi wa Lyamkena alinifungia spika kwenye gari langu la tatu, mimi niliyeishia darasa la pili. Akafungulia muziki mpaka milango ikatetemeka na maneno ya wimbo yakapotea.

Nikakumbuka enzi za Mwingereza, mchana wa upepo wa baridi Makambako, nikiwa mtoto, nimepanda nyuma ya lori la baba mdogo lililosimama kungoja abiria, likinuka magome ya miti ya miwati. Alipiga gramafoni yenye mdomo mpana kama ua la boga.

"Ongeza, dereva! Au hiyo haijala ugali?" abiria walimtania.

Akaweka sindano nene, sauti ikapanda ikikwaruza. Leo najua mkwaruzo ule ulikuwa wa sindano tu. Siku ile sikutulia: nilijua mle ndani kuna mtu anayegonganisha meno kwa baridi, na akizidiwa atanyamaza. Baba mdogo alipochomeka kipande cha blanketi kwenye ule mdomo, sauti ikalainika. Kumbe anamfunika! Nikavua sweta langu, nikalisokomeza lote.

Kimya.

"Nimemuua!" nikaangua kilio.

Baba mdogo hakucheka. Akalivuta sweta nusu nje. "Mfunike kifua, baba. Mdomo mwachie aimbe."

Nikakaa natetemeka kwa baridi, kifua wazi, na kila neno nikalisikia.