Boti Limepata Pa Kukaa

Juzi, mtaa wa Kwa Mathias, nilikaa kwa dalali wa nyumba nikiwa hoi. Nimesaka chumba hadi lami yote ya Kibaha inanijua kwa jina. Akaingia jamaa anayetafuta pa kuweka boti lake kubwa la tanga masika yote, maana gati za Dar bei zimemshinda.

Mama mmoja aliyekuwa pale, mwenye nyumba na uwanja mtaa wa Picha ya Ndege, akamuuliza, "Kubwa kiasi gani?"

"Kama basi la mkoani, mama. Linakuja juu ya lori."

"Humo ndani atalala mtu?"

"Hapana."

"Kupika je? Wageni?"

"Hakuna, mama."

Akakaza kanga. "Lilete, mwanangu."

Nikajipenyeza. "Shikamoo mama. Na mimi natafuta chumba."

"Marahaba. Una watoto?"

"Watano tu, ila wapole kama mito ya kitandani."

Akamgeukia mwenye boti. "Lori linakuja lini?"

Kibaha hii, bora ungezaliwa boti.