Siku Jemadari Alipofungwa Macho

Nilikuwa nachambua maharagwe kwenye sinia, mtoto wa miaka tisa, Nyanya Lin alipoteremka ngazi bila kubisha. Hiyo peke yake ilikuwa habari. Alikuwa mwenye nyumba wetu huko ughaibuni, Takoma Park, sisi tukikaa vyumba vya chini, yeye na mumewe juu, na kwa muda wote tulioishi pale hakuwahi kuingia kwetu bila kugonga.

"Mzee hayupo," alimwambia Mama.

Mama alizima jiko. Kazi yake ilikuwa kutunza wazee katika nyumba moja kule Wheaton, kwa hiyo hakupoteza muda kushangaa. Sote tulijua kwamba akili ya Mzee Lin ilikuwa imeanza kumtoka. Siku nyingine alimwita Baba kwa jina la kaka yake aliyefariki China, na Baba aliitika.

"Koti lake liko wapi?"

"Limetundikwa."

"Viatu?"

"Vipo mlangoni."

Nje theluji ya juzi ilikuwa imegeuka barafu, na jua lilikuwa linakaribia kuzama. Mama alimtuma dada yangu mkubwa, Mutheu, azunguke mitaa ya karibu. Mutheu alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, lakini safari hii aliondoka bila kubishana. Nyanya Lin alikuwa amekwisha kuwapigia polisi simu. Alisimama katikati ya jiko letu, kisha akauliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Na jemadari yuko wapi? Mumeo amemaliza?"

Jemadari alikuwa sanamu ya mti, urefu wake kama mkono wangu wa wakati ule kutoka kiwiko hadi vidole. Alikaa kwenye rafu huko juu pamoja na wenzake wawili, miungu ya dini yao ya Dao, mbele ya bakuli la majivu na vijiti vya udi. Ukoo wa Mzee ulikuwa umemrithishana tangu zamani ambazo hakuna aliyeweza kuzitaja. Alishika upanga, miguu haina viatu, mmoja umekanyaga kobe na mwingine nyoka. Moshi ulikuwa umemfanya mweusi kama sufuria ya kuni. Nyanya Lin alituambia sisi watoto kwamba huyo ndiye anayetazama mlango, na tusimwoneshe kidole, wala tusimsogeze bila kumuaga. Mzee alimwamkia kila asubuhi.

Msimu ule wa baridi, joto la mashine lilikausha nyumba hadi jemadari akapata ufa kutoka begani mpaka kifuani. Nyanya Lin alimwomba Baba auzibe kwa gundi. Alimjua kuwa mtu wa Ukambani, mtoto wa wachonga vinyago. Kwao, kinyago kikianza kupasuka kwa kukauka haraka, hufungwa kitambaa kibichi, kikawekwa gizani mpaka mti utulie. Asubuhi ya siku ile ile, kabla ya kwenda mjini kwenye kazi yake ya kuegesha magari, Baba alifanya hivyo hivyo, kana kwamba mti ule wa enzi na enzi ulikuwa umekatwa juzi. Alimfunga jemadari taulo lililolowa toka kichwani mpaka miguuni, akamtia kwenye mfuko wa plastiki, akamsukuma chini ya kitanda. Hakumwambia mtu ila Mama.

Mama aliingia chumbani, akapiga magoti, akauvuta ule mfuko.

Alifungua taulo juu ya meza, karibu na sinia langu. Maji yalikuwa yameyahamisha masizi, yakaingia yote kwenye kitambaa. Nilichokiona chini yake nakiona mpaka leo: uso mwekundu, ndevu zilizochongwa uzi kwa uzi, magamba ya deraya, vazi lake la vita, yenye dhahabu bado, kila gamba na kivuli chake. Na macho. Siku zote nilidhani amefumba. Kumbe yalikuwa wazi, makubwa, meupe, yanatazama mbali kupita kichwa changu. Niliacha maharagwe nikasimama, jinsi tulivyofundishwa kusimama mtu mzima anapoingia.

"Yesu wangu," Mama alisema polepole.

Nyanya Lin hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. "Mlimfunga macho," alisema. "Leo hakukuwa na wa kutazama mlango."

Mama alikuwa mtu wa kanisa, shemasi. Nilingoja amjibu kwa Biblia. Badala yake alimpangusa jemadari, akamkumbatia kifuani kwa mikono miwili, akaanza kupanda ngazi.

"Mwende, nifungulie mlango," aliniambia. "Na usinitazame hivyo. Ni mti."

Lakini alitembea kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

Nyanya Lin hakutaka awekwe kwenye rafu. Alimweka juu ya kiti, akakigeuza kielekee nje, akafungua mlango mkubwa wa mbele wazi kabisa, baridi yote ikaingia. Aliwasha udi. Kisha akasimama kizingitini, akamwita mumewe kwa jina lake la nyumbani, sauti ndefu inayopanda mwishoni. Alinieleza huku akipumzika: mtu akipotea namna ile, sehemu ya roho yake imetoka ikamwacha, na huitwa mlangoni na yule anayekula naye, mlinzi akiwa anatazama. Akaita tena. Mama alisimama nyuma yake ameshika koti la Mzee. Alivumilia kidogo, kisha naye akaita, kwa Kiswahili, "Mzee, rudi. Chakula tayari." Jirani mmoja aliyekuwa akikwangua barafu kwenye gari lake aliacha kazi akatutazama.

Mutheu alirudi peke yake, midomo imepauka. Hakumwona popote. Hakuna aliyefunga mlango.

Mwanga ulikuwa karibu kwisha walipotokea kwenye kona. Mzee alikuwa mbele, amevaa sapatu za ndani na jaketi la Baba, anatembea kama mtu aliyechelewa. Baba alikuwa nyuma na shati lake la kazi, amejikunyata. Mzee alimpita mkewe, akasimama mbele ya kiti, akamwinamia jemadari.

"Nikitoka kazini nimemkuta kwenye benchi la basi pale stesheni," Baba alisema, meno yakigongana. "Namwambia twende, anakataa. Eti jemadari ametoka, anamtafuta. Nimebembeleza mpaka nimechoka. Halafu ghafla akainuka mwenyewe. Akasema, 'Amesharudi.' Mimi ndiye niliyemfuata."

"Ilikuwa saa ngapi?" Mama aliuliza.

"Nani alikuwa na saa, na vidole vimekufa?"

Mama alikitazama kile kiti. "Wewe baba Mutheu. Mungu wa watu unamtia kwenye mfuko wa ununuzi?"

"Nilikuwa natibu ufa."

"Ungemuaga kwanza."

Nyanya Lin ndiye aliyecheka, huku akisugua miguu ya mumewe.

Sasa mimi ni mama, nafanya kazi za zamu, na sina muda wa mazingaombwe. Naweza kueleza karibu kila kitu: mzee aliyechanganyikiwa aliona nafasi tupu kwenye rafu, akatoka kutafuta, baridi ikamwinua. Sijaweza kueleza lile neno lake moja. Sisemi mti unaona. Nasema kitu ambacho watu wamekielekeza mlangoni vizazi na vizazi, wakiomba watu wao warudi salama, si mti mtupu, na mtu akikibeba mikono yake inajua hivyo kabla yake.

Usiku ule tulikula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, juu kwenye meza yao, maharagwe magumu kidogo kwa sababu sikuyamaliza kuchambua mapema. Kwetu Ukambani ni mwiko kuhesabu watu, hasa watoto; huhesabiwa mbuzi. Mama alisimama na upawa mkononi, akatuzungukia mmoja mmoja kwa macho, kisha akatuhesabu kwa sauti, bila kumwogopa yeyote: "Mzee, Nyanya, baba yenu, Mutheu, Mwende, na mimi."

"Sita," alisema. "Tumetimia. Kuleni."