Nusu Jini na Bibi Yake

Mchezo wetu wa Jumapili hauna ubao wala karata. Kila mmoja hujitungia mtu wake, akamwandikia karatasini nguvu na udhaifu wake, kisha tunakaa zuliani na kuwatembeza kwa maneno katika nchi isiyokuwapo. Msimuliaji wetu, fundi wa simu anayejua kugeuza sauti, hueleza kilicho mbele yetu. Tukitaka kupigana au kuruka shimo tunarusha dadu, na dadu ndizo zinazoamua. Kitabu cha mchezo kina makabila mengi ya kubuni, na moja ni la waliozaliwa na binadamu na shetani: wana pembe, wana mkia, na kila waendako hufungiwa milango. Sisi neno shetani tulilikwepa. Mtu na akili zake halitaji ovyo ndani ya nyumba kongwe ya Mji Mkongwe, na tena jini huweza kuwa Muislamu, shetani ndiyo basi tena. Tukasema nusu jini.

Mtu wangu siku zote ni nusu jini. Wenzangu hubadilisha, leo mchawi, kesho mpiga upinde. Mimi nimeng'ang'ania pembe zangu, na wakinitania kwamba sina ubunifu nacheka nao. Sababu naijua. Nimelelewa kijijini Uroa na bibi, mama wa mama yangu, na baba yangu hakuna aliyewahi kumtaja. Watu wakikosa baba wa kumtaja humtafutia mtoto baba asiyeonekana. Mtoto wa jini, walisema, na kwa kuwa macho yangu yana rangi ya asali wakazidi kuamini. Mama aliolewa bara nikiwa bado natambaa, mimi nikabaki. Maneno ya watu yalishanitoka moyoni. Lililobaki ni moja tu: sikujua kama bibi alinitaka, au niliachwa kwake kama mzigo naye akaona haya kuukataa. Sikuwahi kumuuliza. Mtu aliyekulea kwa kilimo cha mwani, mgongo umepinda na maji yamemfika magotini, humuulizi swali kama hilo.

Mwaka huu bibi alikuja mjini kutibiwa jicho, akakaa kwangu akiwa amefungwa bandeji, na la pili nalo haoni vizuri. Jumapili wenzangu walipofika wakamwamkia, akaitikia "Marahaba, wanangu," nikamweka chumba cha pili na chai yake. Tukaanza. Nilikuwa nimeshaishusha sauti ya nusu jini wangu, nzito na ya kukwaruza, niliposikia harufu ya ubani. Bibi alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja ukutani, mwingine umeshika chetezo kinachofuka moshi.

"Assalaamu alaykum," alisema, na hakuwa akitusalimu sisi ila jini aliyedhani kanipanda. "We uliyekuja, Muislamu?"

Hakuna aliyethubutu kucheka. Nikampokea chetezo, nikamkalisha, nikamtia dadu kiganjani azipapase, maana tayari alikuwa anataka kujua nani anapiga ramli nyumbani kwa mjukuu wake. Hadithi tu bibi, nikamwambia, tunaitunga wenyewe. Akazizungusha dadu kiganjani.

"Na huyo mwenye sauti mbaya nani?"

"Nusu jini. Mama yake mtu, baba yake jini."

"Nani anamlea?"

"Hana mtu. Kafukuzwa kwao, anazurura."

"Kafukuzwa na nani? Hana bibi?"

Nikasema kitabu hakisemi. "Basi kitabu chenu kibovu," akasema, akanyoosha miguu zuliani, na ikawa ndiyo kaingia mchezoni. Msimuliaji, mtoto wa watu, akatangaza kwamba bibi wa nusu jini amejiunga na msafara.

Msimuliaji akatufikisha kwenye mji wenye ukuta mrefu. Kitabuni mlinzi wa lango huuliza una silaha gani. Lakini msimuliaji wetu ni mtoto wa Unguja, na mlinzi wake aliuliza kama aulizavyo mtu mzima yeyote akikutana njiani na mtoto asiyemjua: "We mtoto wa nani?"

Nikanyoosha mkono nichukue dadu, nipigane, yaishe. Bibi akazifumbata.

"Wangu," alimjibu mlinzi.

Msimuliaji, asiyejua lolote la kwetu, akaendelea na kazi yake. "Mlinzi anacheka, bibi. Anasema umetupiwa tu mtoto huyo, mwenye pembe zake, kwa kuwa hakuna aliyemtaka."

"Nani kakwambia nimetupiwa?" Sauti ya bibi haikuwa tena ya mchezo. "Mama yake alikuwa keshafunga mizigo, anakwenda naye. Mie ndo niliyekwenda kukaa chini mbele ya gari, nikamwambia huyu niachie, mie sitolala bila ya huyu. Nlimuomba. Nlimlilia, mtu mzima mie, watu wananitazama. Akaniachia, na yeye analia. Na pembe zake nazipaka mafuta mwenyewe. Pilipili usoila yakuwashiani?"

Miaka yote ile nilijihesabu mzigo, kumbe niligombaniwa. Nikaweka kichwa mapajani pake nikalia mbele ya wenzangu, wala sikuona haya. Mkono wake ulikuja kichwani kwangu ukatulia hapo.

Msimuliaji alikohoa. Akasema kwa sauti ndogo, yake mwenyewe, kwamba lango limefunguliwa.

"Haya, tupisheni," bibi akasema. "Mtoto hajala."