Pedali ya Pili

Mume wangu ana mguu wa kulia usiotulia. Tukiwa mezani na mtoto wa jirani akapita mbio mlangoni, mguu unabonyeza sakafu. Tukitazama televisheni na gari likakata kona kwa fujo, mguu unabonyeza. Hata usingizini ananipiga teke, na asubuhi nikimlalamikia ananijibu, "Ningefanyaje, mama? Mwanafunzi alikuwa anaingia mtaroni." Ni mwalimu wa udereva, na sehemu kubwa ya maisha yake ameipitisha kwenye kiti cha abiria, mguu ukiwa juu ya pedali ya pili.

Pedali hiyo ndiyo breki ya mwalimu. Mwanafunzi ana yake, mwalimu ana yake, na yeyote akibonyeza gari linasimama. Wanafunzi walimbatiza jina la Mwalimu Breki, nami nikazoea kumwita Mwalimu hata jikoni. Shule yetu haikuwa na ofisi wala ubao. Ilikuwa gari moja jeupe lenye kibao juu ya paa. Yeye alifundisha, mimi nilipokea simu na kupanga zamu huku nikikoroga sufuria. Lile gari lisipotembea, hatukuwa na kazi nyingine, maana shule kubwa zinaajiri vijana na Mwalimu mvi zimemjaa kichwani.

Kuna jambo moja walimu wenzake walimcheka nalo. Mwalimu alichukia mtu kudanganywa kwa pedali. Alisema walimu wengi wanabonyeza breki kimyakimya, mwanafunzi anajiona amesimamisha gari mwenyewe, anapewa leseni, halafu siku anapokuwa peke yake anagonga watu. Kwa hiyo tuliponunua lile gari alimwita fundi umeme wa mtaani kwetu amfungie kitaa chekundu mbele ya dereva, kiwake kila mwalimu anapokanyaga. Fundi akatoboa, akavuta waya, akauunganisha na waya wa breki, akazungushia utepe mweusi. Kazi ikaisha kwa soda moja na porojo nyingi.

Miaka yote hiyo kitaa kilifanya kazi yake. Kikiwaka, Mwalimu alisema kwa upole, "Hapo si wewe, ni mimi. Rudia." Wapo waliokiogopa kuliko mtihani wenyewe. Binti mmoja kila kikiwaka alikuwa analia, kwikwi hadi mwisho wa somo, ndipo Mwalimu akampa jina la Chozi. Alimfundisha muda mrefu kuliko wote, na siku alipofaulu alilia pia.

Basi, gari likazimika katikati ya mzunguko wa barabara kuu, mwanafunzi akiwa usukani. Taa zote za dashibodi ziliwaka kwa pamoja, injini ikanyamaza, na wapita njia wakalisukuma hadi pembeni. Fundi wetu yuleyule alikuja, akachomeka kifaa chake cha kupimia, akakitazama, akakipiga kofi, akakitazama tena.

"Shemeji," akaniambia mimi, kwa sababu kumwambia Mwalimu alishindwa, "kompyuta ya gari haiongei kabisa. Hapa mimi nimefika mwisho. Lipelekeni kwa wenyewe."

Kwa wenyewe ni kwenye kampuni inayouza magari hayo. Tulifika nyuma ya gari la kuvuta. Nje kuna ukuta mzima wa vioo, ndani vigae vinavyokuonyesha viatu vyako vilivyochakaa, makochi, mashine ya kahawa, na ubaridi wa kumtoa mtu kamasi. Mafundi wenyewe huwaoni. Gari linaingizwa mlango wa nyuma na wewe unakaa kwenye kochi unangoja kuitwa.

Aliyetuita mezani alikuwa Chozi. Alikuwa na sare ya kampuni na kitambulisho shingoni.

"Mwalimu! Shikamoo. Shikamoo, mama."

"Marahaba," Mwalimu akasema, uso ukimchangamka. "Siku hizi hulii?"

"Nalia nyumbani, Mwalimu."

Tukacheka. Nikajisemea moyoni, Mungu ametuona, tuna mtu wetu humu ndani. Nilikuwa nimeshaanza kufikiri nimshonee nini kama shukrani.

Chozi akatazama skrini yake, na kicheko kikamkauka.

"Kompyuta ya gari imeungua. Mafundi wanasema kuna waya uliongezwa kwenye waya wa breki. Umelika kidogokidogo, ukagusa bati, umeme ukaenda kuichoma."

"Waya gani?" Mwalimu akauliza.

Chozi alikuwa anaujua ule waya kuliko mtu yeyote pale.

"Wa kitaa, Mwalimu."

Akageuza skrini tuione bei. Sitaitaja. Ilitosha kununua gari jingine kama letu, na chenji ya kulijaza mafuta. Mwalimu alivaa miwani, akaitazama, akaivua, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Bei ilikuwa ileile.

Akaomba akione hicho kitu chenyewe. Mkuu wa mafundi akakileta, kijana mpole mwenye glavu safi. Kilikuwa kisanduku cha bati kisichozidi upana wa kiganja.

"Hakiwezi kufunguliwa kikatengenezwa?"

"Hatufungui, mzee. Tunabadilisha."

"Na kama nikipata cha gari lililogongwa?"

"Gari lako litakikataa. Kila kimoja kinajua gari lake."

Hapo mimi nikawaka. "Kwani humu ndani hakuna hata mtu mmoja anayejua kutengeneza? Vioo vyote hivi ni vya kubadilishia tu?"

"Ndivyo utaratibu ulivyo, mama," akasema, na akanipa chupa ya maji. Nikayanywa. Nilitaka kumrarua mtu, lakini nimrarue nani? Kila mmoja alikuwa ananiita mama na kunikatalia kwa tabasamu.

Chozi akainuka kwenda kwa meneja, nyuma ya kioo kingine. Tulimwona akizungumza, mikono ikieleza, mara anatunyooshea kidole, mara anaweka kiganja kifuani. Meneja alitikisa kichwa bila kuacha kuchapa. Wakati huohuo simu yangu ikaita. Alikuwa mwanafunzi wa asubuhi.

"Mama, kesho tupo? Mtihani wangu umekaribia."

"Kesho," nikamjibu, nikaizima simu.

Chozi alirudi bila kututazama usoni. Kulipa kidogokidogo, hapana. Kupunguziwa, hapana, kwa sababu gari lilichezewa. Kuliacha pale tukatafute pesa, kila siku lina malipo yake. Walichoweza ni kulichukua gari kama vipuri, wakate gharama zao, watupatie pesa itakayobaki.

"Limechezewa," Mwalimu akarudia polepole. Neno hilo lilimuuma kuliko bei. Akashika tama, pale pale mbele za watu. Nikatazama chini kwenye vigae, na mguu wake ulikuwa umetulia tuli. Katika miaka yetu yote sijawahi kuuona hivyo, nikaogopa. Nilitaka kumwambia tutapata njia, lakini nilikuwa nimeitafuta kichwani tangu mlangoni na sikuiona.

Akatia sahihi walichukue. Kisha akamwomba mkuu wa mafundi kitu kimoja tu, wamfungulie pedali yake. Wakamletea imefungwa kwenye gazeti, akaipakata.

Chozi aliomba ruhusa ya kuturudisha nyumbani kwa gari la kampuni, jipya, bado lina karatasi za plastiki vitini. Mimi nilikaa nyuma yake, Mwalimu mbele, kwenye kiti chake cha siku zote. Chozi aliendesha kwa mikono miwili, kioo cha katikati, kioo cha pembeni, kama alivyofundishwa, na mimi nilimchukia kidogo na kumpenda kidogo, nikatamani tufike.

Kwenye mzunguko wa barabara kuu, lori likakata mbele yetu bila ishara. Nikauona mguu wa Mwalimu ukiruka na kukanyaga zulia kwa nguvu zake zote. Zulia likabonyea, basi. Gari likasimama taratibu, halikuserereka, hata gazeti halikuteleza mapajani.

Mwalimu akatazama mbele ya dereva, pale ambapo kitaa kingekuwa. Palikuwa peusi.

"Hapo si mimi," akasema. "Ni wewe."

Chozi akaanza kulia, kwikwi kama zamani. Lori lilikuwa limeshapita, njia ilikuwa nyeupe, magari ya nyuma yakatupigia honi. Na Mwalimu alikuwa bado amekanyaga zulia.