Mistari Miwili Iliyobaki

Siku ya sitini na tatu ya eda yake, Salha alikuwa akishuka na baiskeli kwenye mteremko wa changarawe, vidole viwili juu ya breki, na moyo wake ukifanya jambo ambalo mjane hatakiwi kulionyesha. Ulikuwa umefurahi.

Alijua si adabu. Mumewe, Abdulnasiri, hakuwa amefikisha hata miezi mitatu kaburini, na Salha alimpenda kwa namna watu wanavyopendana baada ya miaka kumi na tisa, bila kelele. Alimlilia na bado alikuwa anamlilia. Lakini chumba alichokalishwa eda, katika nyumba ya mtaa wa Kikuyu, Dodoma mjini, walimoishi wao wawili na mama mkwe, kilikuwa na dirisha moja, na dirisha lile lilitazama ukuta wa jirani. Wiki ya kwanza wanawake walijaa mikekani hadi uani. Ya pili wakapungua. Kufika mwezi wa pili alikuwa amebaki yeye na ukuta, na alishajua kila ufa ulipoanzia na ulipoishia.

Naye hakuwa mwanamke wa kukaa. Kazi yake ilikuwa kushona sare za shule, lakini kila Jumamosi kwa miaka kumi na moja aliacha cherehani na kupanda baiskeli kwenda Makutupora, kwenye shamba lao la zabibu. Wengine walipanda basi wakafuata lami. Yeye alipita njia ya changarawe, ile inayopanda na kushuka vilima, inayokata msitu wa migunga na kutokea kwenye mashamba ya zabibu ya watu. Baiskeli yake ilikuwa ya mtumba, ya gia, matairi mapana. Abdulnasiri alizoea kusema kwamba alioa mke akaletewa tarishi wa posta.

Kilichomtoa ndani sasa ni zabibu hizohizo. Mzabibu wa Dodoma huzaa mara mbili kwa mwaka, lakini sharti upogolewe kwa wakati wake. Ukikawia unachipua ovyo, majani tele na matunda hakuna. Mwezi wa tisa ulikuwa umeingia. Shemeji yake, Harithi, muuza vipuri vya pikipiki, alijitolea. Alikwenda na mkasi asubuhi, akarudi jioni kifua mbele.

"Shemeji, mstari mzima nimeusafisha. Unang'aa!"

Akamwonyesha picha kwenye simu. Salha alizitazama, kisha akakaa chini taratibu. Harithi alikuwa amekata kama mtu anayenyoa ua wa michongoma, kila tawi mpaka kwenye shina.

"Umebakiza macho mangapi kwa kila tawi?"

"Macho gani tena, shemeji? Mzabibu una macho?"

Bi Rukia, mama yao Harithi na marehemu, alikuwa akisikiliza kutoka jikoni. Kesho yake alijifunga kanga akaenda mwenyewe kwa shehe wa msikiti wao kuuliza kama mjane aweza kutoka, akarudi na jibu, na jibu lile akalirudia mlangoni kila asubuhi Salha alipotoa baiskeli: "Unatoka mchana, kwa haja ambayo hakuna mwingine wa kuitimiza. Haja ikiisha, na ruhusa imeisha. Na jua lisikuzamie nje."

Mistari ilikuwa ishirini na miwili. Ule wa Harithi uliharibika, ikabaki ishirini na mmoja. Siku tatu zilikula kumi na sita. Leo ilikuwa siku ya nne, na mistari mitano ndiyo iliyokuwa imesimama kati yake na ule ukuta wa jirani.

Penye korongo la mchanga, mbele kidogo ya msitu, alikikuta kikundi cha waendesha baiskeli, watu wa maofisini, kofia ngumu kichwani na miwani ya rangi. Baiskeli zao zilimeta kama vyombo vya arusi. Wote walikuwa wameshuka, wanasukuma, viatu vimejaa mchanga. Salha alikata kushoto, akapanda kwenye ukingo wa nyasi kavu ambao wachungaji waliushindilia kwa miguu ya mbuzi, akavuka bila kugusa chini.

"Shikamoo mama!" mmoja akapaza sauti. "Hiyo yako ina injini?"

"Marahaba. Injini ni uji wa uwele!"

Wakacheka, naye akacheka, kisha akajiziba mdomo kwa ncha ya mtandio mweupe. Kicheko kile kilimfuata msituni, chini ya vivuli vya migunga, mpaka udongo ulipogeuka mwekundu na nguzo za mizabibu zikaanza kujitokeza, mstari baada ya mstari, zikipanda kilima kama mistari ya daftari.

Violeth alikuwa ameshafika. Shamba lake lilipakana na la Salha, na kwa miaka yote hiyo walipogoleana, leo kwako kesho kwangu. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa mkono na mwepesi zaidi wa mdomo.

"Karibu, mtu wa mjini. Nilidhani wamekufungia na kufuli."

"Kufuli lipo. Leo wamelisahau."

Wakaanza. Shika tawi, hesabu macho mawili, vile vivimbe vya kuchipulia, kata juu yake kwa mshazari, tupa. Mahali palipokatwa palitoa tone la maji, tone likaning'inia, likadondoka. Mstari wa kwanza ukaisha, wa pili, na wa tatu. Baada ya Salha kuswali adhuhuri chini ya mti, Violeth alianza kumtazama kwa pembeni.

"Mkasi wako leo umelala usingizi. Mimi nakata mizabibu mitatu, wewe mmoja."

"Umri, dada."

"Umri gani? Jana ulikuwa unanikimbiza kama mwizi."

Saa tisa mistari miwili ilikuwa bado. Salha akauweka mkasi kwenye kikapu cha baiskeli.

"Tumalizie, saa moja tu hii," alisema Violeth.

"Mkono umekufa ganzi. Na jua hilo."

Violeth akaliangalia jua, akamwangalia Salha. "Jua hilo lina safari ndefu bado."

"Nitakuja kesho," alisema Salha, na hakuweza kumtazama machoni. Alipanda baiskeli haraka, kama aliyeiba.

Juu ya kilima, msitu unapoisha, akasimama. Hapo mtu huona kote: nyuma mizabibu iliyonyolewa, mbele mabati ya mji yanayowaka. Si uongo, alijiambia. Mistari miwili kweli imebaki. Mizabibu haitakufa kwa siku moja. Kesho atakuja afanye mmoja, keshokutwa mmoja. Siku mbili za changarawe na upepo, nani atapungukiwa na nini? Lakini alijua kwamba asubuhi Bi Rukia angesimama mlangoni na kusema *kwa haja*, na safari hii haja yenyewe ingekuwa imetengenezwa kwa mkono wake.

Hakuwa amefika mbali gurudumu la nyuma likaanza kulegea. Mbigili. Mwiba mdogo wa pembe tatu, adui wa kila tairi katika nchi ile. Akapindua baiskeli, akatoa mpira wa ndani, na kwa kuwa hakuwa na maji ya kuutumbukiza, akausogeza shavuni taratibu mpaka akahisi pumzi nyembamba ikimpuliza. Akakwangua, akapaka gundi, akasubiri ikauke, akabandika kiraka. Alipomaliza kujaza upepo, vivuli vya vichaka vilikuwa vimeshavuka barabara nzima. Njia iliyobaki hakuitazama. Aliikanyaga tu.

Aliingia uani jua likiwa limegusa bati la jirani. Bi Rukia alikuwa amesimama getini, mikono nyuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Jua limekusindikiza mpaka mlangoni. Imekwisha?"

"Imebaki miwili."

Bi Rukia alimsogelea. Alimwondolea jani kavu kwenye mtandio, akalishika kati ya vidole.

"Haijabaki. Violeth amepiga simu sasa hivi. Kasema alikuona umechoka sana, ikamuuma, akamwita mumewe Fredy wakamalizia. Kasema kesho usihangaike. Upumzike."

Salha alishika usukani kwa mikono miwili. Lilikuwa jambo la kushukuru, na alijua.

Bi Rukia akaichukua baiskeli mikononi mwake, akaanza kuisukuma polepole kuelekea stoo. Salha akamfuata.

"Eda ya marehemu mume wangu," alisema yule mama bila kugeuka, "nilikuwa namwaga chumvi."

"Chumvi?"

"Kopo zima, uani, pasipo mtu kujua. Asubuhi haipo, watoto wako shule, natumwa mimi dukani kwa Hamidu. Hatua mia mbili na kumi kwenda. Nilizihesabu."

"Wakakutuma?"

"Mara mbili. Ya tatu mawifi zangu wakanunua gunia."

Salha alicheka kidogo, na kicheko kikakatika katikati kama uzi. Bi Rukia naye hakucheka. Aliiegemeza baiskeli ukutani, akakipangusa kiti kwa kiganja, akatoka na kufunga mlango kwa komeo. Hakuufunga kwa ubaya. Mlango ule usipofungwa hugongagonga kwa upepo.

Zilibaki siku sitini na saba za eda. Kule Makutupora macho ya mizabibu yangefunguka ndani ya wiki mbili, yote, mstari kwa mstari, bila kumhitaji. Salha akaingia ndani kutia udhu.