Shimo la Ndovu

Lori limemwaga mchanga mbele ya nyumba ninayojenga. Bado umelowa, na harufu yake imenifanya nikae juu ya tofali.

Kwetu, kiangazi chote, mto ulikuwa mchanga mtupu. Ndovu walishuka kutoka vilimani kwa njia yao ileile, wakachimba, wakanywa, wakaenda zao. Sisi tulingoja waondoke ndipo tuchote katika shimo lao. Mama alikuwa na sharti moja: tusilifunike, kwa sababu watarudi.

Siku moja nililifunika. Nilirundika matawi ya miiba ili maji yabaki yetu, kama majirani walivyofunika visima walivyochimba wenyewe.

Kesho yake asubuhi tulikuta nyayo zimefika kwenye miiba, zikazunguka, zikaelekea upande wa juu wa mto. Shimo, ambalo ndovu hawakulichimba upya usiku huo, lilikuwa limebomoka na kujaa mchanga. Mama alichimba mpaka akazama kiunoni, asione hata unyevu. Hakunichapa. Nadhani hakuwa na nguvu. Alipitisha kamba ya mtungi kwenye paji la uso, akauinua mgongoni.

"Tuwafuate," alisema. "Wao wanajua maji yalipo. Sisi tunabahatisha tu."

Tulitembea mpaka jua likawa la utosi.

"Mchanga huu umetoka kule kwenu, mtoni," fundi ananiambia sasa, akiusugua kiganjani. "Ni mzuri sana, lakini hautatosha. Niite lori lingine?"

Namwambia aite.